Nyumba ya Mwanasesere Niliyoibeba na Mama Mkwe

Anayetaka kujenga nyumba ya mwanasesere aanze na ukuta wa nyuma, asianze na paa. Wengi huanza na paa kwa sababu ndilo linalopendeza machoni, halafu hujikuta wameifunga nyumba kabla ya kupitisha waya, na mkono wa mtu mzima hauingii tena. Nayasema haya bila kubahatisha, maana makosa yote niliyafanya mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, pale kijijini kwetu Kalembe, na nusura yanikoseshe mke na mtoto.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, seremala niliyefundishwa kwenye karakana ya misheni, na kiburi changu kilikuwa kirefu kuliko mimi. Nilifanya kazi kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, mwendo wa saa moja na nusu kutoka nyumbani. Siku moja mke wake, tuliyemwita Madamu, alinipa picha aliyoikata kwenye gazeti: nyumba ya ghorofa, ya kuchezea mwanasesere, ina vyumba vitano na taa katika kila chumba. Binti yake alikuwa anatimiza miaka saba Jumapili ya tatu kutoka siku ile. Akaniuliza kama nitaweza. Nilijibu ndiyo kabla sijaitazama picha vizuri.

Kwa kuta na sakafu nilichagua libuyu, ile mbao nyekundu inayotoka msituni upande wa Walikale. Hilo lilikuwa kosa. Libuyu ni mbao nzito, ya kabati na ya kitanda cha maharusi. Nyumba ya kuchezea ijengwe kwa mbao nyepesi, maana ipo siku itabebwa. Kuta za ndani tu ndizo nilizozitengeneza kwa vibao vya masanduku ya sabuni, na hapo nilifanya vema. Misumari niliiacha, kwa sababu kibao chembamba hupasuka ukikigonga. Nilitia gundi, nikafunga kwa kamba, nikaacha siku nzima ikauke. Madirisha nilitoboa pembe kwa msumari wa moto, kisha nikapitisha msumeno mwembamba toka pembe hadi pembe. Mpaka leo nikimwona mtu anapigilia misumari kwenye kitu cha mtoto, naudhika.

Taa ndizo zilizonitia wazimu. Mshumaa Madamu aliukataa, na alikuwa na haki: kibatari au mshumaa ndani ya nyumba ya mbao ni kuomba moto. Alinipa ampuli, zile balbu ndogo za tochi, mapile kadhaa ya kuzitia umeme, na waya mwembamba. Nilizifunga ampuli kwa mfuatano, waya ukitoka hii ukaingia ile, mpaka ya tano, kisha ukarudi kwenye mapile niliyoyaficha chini ya ngazi. Ziliwaka, hafifu lakini ziliwaka. Nikafurahi, nikabandika karatasi za maua juu ya waya zote, kuta zikawa safi. Nilijiona mhandisi.

Kosa kubwa kuliko yote halikuwa la mbao wala la waya. Karakana ya shamba ilijaa vumbi la kahawa lililoganda kwenye gundi, basi nikaihamishia kazi nyumbani, kwenye chumba cha nyuma.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Alitoka Buleusa, kwa watu wa msituni, wakulima na wawindaji, waliobatizwa kama sisi lakini hawakuacha kila kitu cha babu zao. Huko, nyuma ya nyumba nyingi, ungeona vijumba vya fito na majani, vimefika gotini tu. Kila kijumba kina mwenyewe, na mwenyewe ni marehemu. Akifa mtu wa nyumbani, hujengewa pa kukaa ili asizurure, na jioni huwekewa kaa la moto na chakula kidogo. Hakijengwi bila mwenyewe. Ukikijenga kitupu, unamwita wa kukijaza.

Nililijua jambo hilo vizuri. Mtoto wetu wa kwanza alifariki akiwa na wiki tatu, na mama mkwe wangu alituma ujumbe nimjengee. Nilikataa. Nilisema mimi ni Mkristo na seremala wa misheni, sijengi vibanda vya mizimu. Nilisema kwa sauti kubwa, mbele ya watu, na mke wangu aliinamisha kichwa. Sikufikiri juu ya kile kichwa kilichoinama.

Sasa mama mkwe alikuwa amekuja mwenyewe, kumsaidia binti yake mpaka ajifungue. Alilala katika jiko letu, ambalo lilikuwa kibanda peke yake ng'ambo ya uwanja. Kwa desturi yetu mimi na yeye hatukuweza kutazamana wala kusemezana, wala kutajana majina. Akipita njiani, mimi naingia majanini. Neno lolote lilipita kwa mke wangu. Kwa wiki mbili tuliishi hivyo kwa amani, na chumba cha nyuma nilikifunga. Mke wangu nilimwambia kama mzaha, "Usimuonyeshe mama yako, atakimbia." Hakucheka.

Alhamisi, jua likizama, niliwasha taa zote kuzijaribu. Ndani nilikuwa nimekwisha weka meza, viti, kitanda, na kile kitu ambacho picha ilikuwa nacho chumbani juu: kitanda cha mtoto mchanga, chenye reli pembeni, na kitambaa cheupe juu yake. Mbao za dirisha letu zilikuwa na nyufa. Mama mkwe alikuwa anatoka kuokota kuni. Nilisikia mzigo wa kuni ukitua chini, si kwa kutupwa, ukiwekwa taratibu. Nilipochungulia, nilimwona amekaa chini kando ya kuni zake, ameipa nyumba mgongo.

Asubuhi furushi lake lilikuwa limefungwa, na la mke wangu pia.

Maneno yakaanza kupita. Mimi niko ndani, yeye yuko jikoni, na mke wangu na tumbo lake anakwenda na kurudi katikati ya uwanja. Alisimama mlangoni, akasema bila kunitazama, "Mama anasema: kanyumba haijengwake bure. Ikijengwa, iko na mwenyewe. Anasema ameona kitanda, ameona moto yenye haina moshi. Anasema mwenyewe ni huyu mwenye iko mu tumbo."

"Muambie ni kintu ya kuchezea," nikasema. "Ya pupe, kale kasanamu. Ya mutoto ya Muzungu."

Akaenda. Akarudi, mkono kiunoni. "Anasema: mutoto ya Muzungu iko kwabo, nyumba iko kwetu."

"Muambie moto ile haichome. Akuje aguse."

Akaenda tena, akarudi. "Anasema njo ile inamuogopesha."

Nilipandwa na hasira. Nilisema maneno ambayo nashukuru mke wangu hakuyafikisha. Aliketi kizingitini kupumua, kisha akanipa neno la mwisho: kama kile kitu kitalala tena usiku mmoja chini ya paa letu, kesho alfajiri wao wawili wanashika njia ya Buleusa. Siku mbili za miguu, msimu wa mvua, matope na mito, mimba ya miezi minane. Wanawake wamekufa katika njia ile bila mimba.

"Na we unasema nini?" nikamuuliza.

"Miye naogopa njia," akasema. "Na kanyumba naogopa pia. Ya kwanza alikufa na hukumufanyia kintu. Sasa unafanyia mutoto ya wengine." Akainuka. "Kama mama anaenda, nitaenda."

Jumapili ilikuwa bado siku mbili, lakini nyumba ilipaswa kutoka kwetu leo hii kabla ya jua kuzama. Nikaingia chumba cha nyuma kumalizia mlango wa mbele, nikawasha taa nihakikishe kwa mara ya mwisho.

Giza. Hata moja haikuwaka.

Nilibadilisha mapile. Giza. Nikatikisa waya. Giza. Hapo ndipo nilipouelewa upumbavu wangu: ampuli zikifungwa kwa mfuatano, moja tu ikilegea, zote zinakufa, na huwezi kujua ni ipi. Na waya zangu zote zilikuwa chini ya karatasi ya maua niliyoibandika kwa gundi ngumu. Kumpelekea Madamu nyumba bila taa kulikuwa ni kurudishwa nayo nyumbani, na nikirudishwa nayo, mke wangu anaondoka. Nikachukua kisu, nikaanza kuichana karatasi, chumba baada ya chumba.

Nitaeleza nilivyofanya, kwa faida ya mwenye haraka kama yangu. Nilizifungua ampuli zote, nikaipa kila moja waya wake wa kwenda na waya wake wa kurudi kwenye mapile, isimtegemee mwenzake. Kila nilipomaliza moja niliijaribu kabla ya kugusa nyingine. Viungo nilivisokota, nikavifunga kwa vipande vya sparadra, ile plasta ya kunata ambayo mke wangu alipewa zahanati kwa ajili ya kidonda. Waya nilizipitisha nyuma ya ukuta, nje kabisa, nikazifunika kwa kibao chembamba kinachochomoka, ili siku ikiharibika mtu afungue bila kuchana kitu. Mara mbili nilijikata. Kila nilipoinua macho kwenye ufa wa dirisha nilimwona mama mkwe uwanjani, furushi mapajani, uso ameuelekeza kwenye njia ya Buleusa, anasubiri jua.

Jua lilikuwa limepita utosini muda mrefu taa ya tano ilipowaka. Ziliwaka vizuri kuliko mwanzo. Karatasi zilizochanika nilizifunika kwa vipande vilivyobaki, haikupendeza sana.

Nikafunga miti miwili mirefu pande zote mbili za nyumba, kama kipoyi cha kubebea wagonjwa, nikaitoa nje na kuitandikia mkeka juu, kwa sababu mawingu yalikuwa yamejaa upande wa msitu. Kisha nikaenda kutafuta mtu wa kushika nyuma. Jirani wa kwanza alikuwa anaumwa mgongo tangu asubuhi. Wa pili alikuwa na ugeni. Wa tatu, mtu wa kanisani, aliyekaa benchi moja nami kila Jumapili, alitazama juu ya bega langu kile kitu kilichofunikwa mkeka uwanjani kwangu, akasema, "Kaka, ile sitagusa. Hata ungenipatia mbuzi." Kumbe Kalembe yote ilikwisha jua, na wote waliosema wameacha vijumba hawakuwa wameviacha.

Nilijaribu kuibeba kichwani. Libuyu. Shingo ilikaribia kuvunjika, na kitu ndani kikaanguka. Nikaitua. Tone la kwanza la mvua likanipiga mkononi. Nilisimama pale, na nasema kweli, nilikwenda kuchukua shoka. Nilitaka kuipasua vipande vipande, Madamu anifukuze kazi, yaishe. Mke wangu alikuwa kizingitini ananitazama. Nikaliweka shoka chini. Nikachuchumaa mbele, kati ya ile miti miwili, nikainua upande wangu ili angalau niiburute.

Upande wa nyuma ukainuka wenyewe.

Nilimwona mke wangu akifunika mdomo kwa mkono. "Usigeuke," akasema. "Uende tu."

Sikugeuka. Nilipandisha miti mabegani, na nyuma yangu ikapandishwa pia, sawasawa na yangu. Nyumba na mkeka wake ilikuwa imesimama katikati yetu kama ukuta. Mimi simwoni mama mkwe, yeye hanioni. Desturi haikuvunjwa. Tukatoka uwanjani, na watu wakajitenga na njia kutupisha.

Tulikwenda muda mrefu bila neno. Nilisikia pumzi yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, na mzigo ule ulinichosha mimi kijana. Nilitaka kumwambia tupumzike, lakini ningemwambiaje? Tulipofika kwenye kijito chenye daraja la magogo mawili, mvua ilikuwa imeyalainisha magogo. Nilikanyaga, mguu ukateleza, nyumba yote ikainama.

"We kanyumba," sauti ikasema nyuma yangu, "uende kushoto. Kushoto kuko kavu."

Nikahamisha mguu kushoto.

"We kanyumba, sasa usimame. Niweke mguu." Nikasimama. "Sawa. Uende."

Tulivuka. Jasho lilinitoka pamoja na mvua. Ng'ambo ya kijito nikakohoa, nikasema, nikiitazama njia mbele yangu, "Kanyumba, uko na uzito mingi. Mwenye alikujenga alikosea mbao."

"Alikosea," sauti ikasema. "Na mulango iko mukubwa. Mulango ya kanyumba inakuwaka kadogo, upepo isiingie. Na paa inataka mwinamo mukali, maana majani kidogo yanaoza mbio. Miye najua. Nilijenga tutatu na mikono yangu, bwana yangu akiwa mu kuwinda."

Sikujua kwamba alikuwa amezika watatu. Mke wangu hakuwahi kuniambia, au aliniambia nikiwa nasema mimi. Njia ilikuwa inapanda, na nilihesabu hatua ili nisifikiri.

"Hapana, si tutatu," ile sauti ikasema baadaye, imechoka. "Tune. Ya kane ni ya ule mutoto mwenye papa yake alikatala. Nilimujengea pembeni ya batoto bangu, ili asikae yeye moja."

Nilisimama. Miti iligonga mabega yangu kwa sababu yeye alikuwa bado anatembea. Nilimjua mtoto wangu wiki tatu tu, na kwa miaka miwili mtu mwingine alikuwa anampelekea kaa la moto kila jioni, mimi nikijisifu kanisani. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena.

"We kanyumba, uende," akasema. "Mvua inazidi."

Kwa Madamu, mama mkwe aliishika nyumba mpaka barazani, kisha akaenda kusimama mbali, kwenye vitanda vya kuanikia kahawa, mgongo kwetu. Nikaondoa mkeka. Kiti kimoja kilikuwa kimevunjika mguu. Nikaunganisha waya, na taa zikawaka zote tano katika kiza cha mvua. Binti wa Madamu alipiga magoti, akatia mkono dirishani, akakitoa kile kitanda cha mtoto na kumlaza mwanasesere wake ndani. Nilitazama upande wa kahawa. Mama mkwe alikuwa amegeuka, anamtazama yule mtoto. Alitazama muda mrefu kidogo, kisha akageuka tena.

Wakati wa kurudi hapakuwa na nyumba kati yetu. Nilitangulia mbali, yeye akafuata mbali, mvua ikitunyeshea wote. Nilifika nikakuta mke wangu jikoni, amekoka moto. Mama yake aliingia nyuma yangu baada ya muda, nami nikatoka kwa mlango wa pili. Kutoka nje nilisikia mafurushi yanafunguliwa.

Mtoto alizaliwa baada ya wiki tatu, wa kike, analia kwa hasira ambayo kila mtu alisema ni yangu. Mama mkwe alikaa nasi mpaka kitovu kikakauka na mtoto akaanza kunenepa, ndipo akasema anarudi Buleusa.

Nilikuwa nimebakiwa na ampuli moja, mapile mawili na waya. Nilitengeneza taa moja ndogo, nikaifunga vizuri kwa sparadra, nikamfundisha mke wangu namna ya kuiwasha na kuizima, ili amfundishe mama yake. Nilimwambia ni kwa ajili ya kile kijumba cha nne, mvua isizime moto wake tena. Niliona nimefikiri jambo jema, na nilisubiri nyuma ya nyumba nisikie.

Mke wangu alirudi na taa mkononi.

"Mama anasema aksanti," akasema. "Anasema moto analetaka yeye, ile haisumbue. Anasema mutoto hajaomba taa. Anaomba papa yake akuje amuone."

Niliweka vyombo vyangu vya kazi juu ya dari siku hiyohiyo. Kesho yake asubuhi nilishika njia ya Buleusa, nikimfuata mama mkwe kwa mbali, mikono mitupu.